Kabla Hujamwaga Zege: Vinyunyizio vya Moto kwa Jumba Kubwa

Mwaka juzi mzee mmoja alinitandazia ramani ya nyumba yake juu ya boneti ya gari, kiwanjani kwake Mbweni, Dar es Salaam. Mita za mraba 900, ghorofa moja juu, sebule iliyo wazi tangu sakafuni hadi dari ya juu, vyumba saba vya kulala, gereji ya magari sita chini ya nyumba. “Injinia,” akaniambia, “we nitajie tu idadi ya vinyunyizio, nikanunue.” Nikamjibu kwa swali: “Mzee, usiku funguo za grili ya ngazini anakaa nazo nani?”

Akacheka kidogo. Anakaa nazo mwenyewe, chini ya mto.

Idadi ya vinyunyizio ndiyo kazi nyepesi kuliko zote. Mtu yeyote anayejua kusoma ramani na karatasi ya kiwanda atakuhesabia kwa asubuhi moja. Kazi ngumu ni kujua watu wako watahitaji muda gani kufika nje, na kama maji yako yatadumu muda huo. Jumba kubwa si nyumba ndogo iliyovutwa pande zote. Lina korido ndefu, ngazi, milango ya chuma, bibi aliyelala chini, wajukuu waliolala juu, na dada wa kazi ambaye chumba chake kiko nyuma ya jiko, mbali na kila mtu.

Kwanza tuondoe picha ya sinema, ile ya mtu anayewasha kiberiti na jengo zima likanyeshewa. Kila kinyunyizio kina kichupa cha kioo chenye kimiminika ndani, na kila kimoja kinajitegemea. Kichupa chekundu hupasuka kikifika nyuzi 68 za Selsiasi. Moshi haukipasui. Sufuria ya pilau ikiungua, king'ora cha moshi kitapiga kelele (na hivyo ving'ora uviweke pia, ndivyo vinavyowaamsha watu), lakini kinyunyizio kitanyamaza. Moto wa kweli ukiwaka, kinafunguka kimoja, pengine viwili, vile vilivyo juu yake. Vingine vyote vinabaki vimefungwa.

Maarifa ya kuviweka majumbani yamekomaa zaidi Marekani. Kanuni inayofuatwa kule ni NFPA 13D, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1975 kwa ajili ya nyumba za familia moja au mbili. California inadai vinyunyizio katika nyumba mpya za aina hiyo tangu mwaka 2011. Mhandisi wako akikutajia 13D, yuko sawa. Ila mwulize inaahidi nini, maana haiahidi kuokoa nyumba. Inaahidi kukizuia chumba kinachoungua kisifike ile hatua ambapo kila kilichomo, makochi, mapazia, zulia, vinashika moto kwa mpigo mmoja, ili waliomo wapate kutoka. Kwa ahadi hiyo ndogo inadai maji kidogo: vinyunyizio viwili vikiwa wazi, kwa dakika 10. Kinyunyizio kinachohudumia eneo la mita 4.9 kwa 4.9 kinataka lita 49 kwa dakika. Zidisha, unapata lita 980. Simtanki moja la lita 1,000, na chenji inabaki.

Dakika hizo 10 zimehesabiwa kwa nyumba ambayo dirisha la chumba cha kulala linafunguka kutoka ndani na mtu mzima akapita. Kwetu dirisha lina nondo. Korido ina grili, grili ina kufuli, na ufunguo uko chini ya mto wa mzee.

Kwa hiyo mimi huwaambia wateja: nakili kutoka 13D nafasi kati ya kinyunyizio na kinyunyizio, nakili umbali wake na ukuta, usinakili maji. Kwenye maji fuata kipimo cha ndugu yake, NFPA 13R, kilichoandikwa kwa majengo ya makazi yasiyozidi ghorofa nne: vinyunyizio vinne, dakika 30. Wapo wenzangu wanaosema ni kuongeza gharama bure. Tofauti yake ni tangi kubwa zaidi na pampu yenye nguvu zaidi, ambavyo kwa nyumba yenye marumaru hadi kwenye kibanda cha mlinzi si gharama ya kulalamikia. Na ukiwa bado na ramani mkononi, mwambie fundi wa madirisha kwamba katika kila chumba cha kulala nondo za dirisha moja ziwe kama mlango, zenye komeo la ndani lisilohitaji ufunguo.

Maji kwanza

Tuhesabu ya Mbweni. Sebule ilikuwa mita 12 kwa 12. Vipo vinyunyizio vya makazi vinavyohudumia hadi mita 6.1 kwa 6.1, kwa hiyo vinne vinatosha. Lakini kadiri unavyovitawanya ndivyo kila kimoja kinavyodai maji mengi: kwa nafasi hiyo, lita 76 kwa dakika kila kimoja. Vinne ni lita 304 kwa dakika. Kwa dakika 30 ni lita 9,120. Vile vilivyo karibu na pampu hupata presha zaidi na kumwaga zaidi, basi weka akiba ya lita 10,000. Tangi la ukubwa huo linauzwa dukani, hakuna ajabu.

Ajabu ni jinsi watu wanavyoligawa. Tangi moja, bomba moja linatoka chini, linalisha bafu, bustani, na vinyunyizio. Mgao wa maji ukikaza wiki mbili, siku ya moto unakuta tope. Dawa yake ni rahisi, wala haihitaji tangi la pili kama la kwanza ni kubwa vya kutosha. Chukua tangi la lita 15,000. Bomba la vinyunyizio litoke chini kabisa. Bomba la matumizi ya nyumbani litobolewe juu, kwenye alama ya lita 10,000. Maji ya kuoga yakiisha, yameisha kwenye bafu. Zile lita 10,000 za chini bado zipo, na hakuna atakayezigusa bila kukusudia. Mwambie fundi bomba hivyo ukiwa umesimama naye kando ya tangi, na umwekee alama ya chaki mwenyewe, kwa sababu akili ya fundi bomba siku zote inamtuma atoboe chini.

Sasa presha. Mzee wangu alikuwa na mnara wa mita 6 wenye tangi juu, na aliniuliza kwa nini tununue pampu wakati maji yanashuka yenyewe. Kila mita 10 za kimo huzaa takriban bar 1. Mnara wa mita 6 unakupa bar 0.6 pale chini bombani kwenye bustani. Dari yake ya juu ilikuwa mita 7 kutoka ardhini, yaani juu kuliko kitako cha tangi. Maji hayafiki kabisa. Hata kinyunyizio kidogo cha lita 49 kinahitaji bar 0.5 pale kilipo, yaani tangi liwe mita 5 juu yake, bado hujahesabu yanayopotea kwenye mabomba. Kile cha lita 76 kinahitaji bar 1.2. Mnara wa kutosha hapo ungekuwa mrefu kuliko minazi ya jirani.

Kwa hiyo ni pampu. Bar 1.2 kwenye kinyunyizio, bar 0.7 za kupandisha maji mita 7, na zinazopotea njiani kwenye mabomba, viungo na valvu: unafika bar 3, weka 3.5 kwa tahadhari. Pampu ya kutoa lita 310 kwa dakika kwa presha hiyo ni ya kilowati 4 hivi. Ile pampu ndogo ya kusukuma maji ya bafuni, ambayo kila nyumba inayo, haikaribii hapo.

Kuhusu umeme wa pampu, nakuomba uchelewe hapa. Moto ukizuka, jambo la kwanza analofanya mtu mwenye akili ni kukimbilia swichi kuu na kuzima umeme wa nyumba nzima. Pampu ikiwa imeunganishwa baada ya swichi hiyo, amezima na maji. Waya wa pampu utoke kabla ya swichi kuu, uwe na kikata umeme chake, upite chini ya ardhi nje ya nyumba, na kiandikwe kwa herufi kubwa PAMPU YA MOTO, USIZIME. Bado kuna siku umeme wenyewe haupo. Jenereta inayojiwasha inafaa, mradi iwe na nguvu ya kuiamsha pampu kutoka kusimama, maana injini ya umeme ikianza kuzunguka hunyonya mara kadhaa ya matumizi yake ya kawaida. Mimi, kwa nyumba kubwa iliyo mbali na mji, napendelea pampu ya dizeli yenye betri yake, hata kama inapiga kelele.

Visima vya pwani vina chumvi, nayo hula mabomba ya chuma kutoka ndani. Ukiwa Dar, Mombasa au Zanzibar na unajaza tangi kwa maji ya kisima, weka mabomba ya CPVC yaliyothibitishwa kwa vinyunyizio, yale ya rangi ya chungwa. PPR ya kijani ya bafuni haijathibitishwa kwa kazi hii, hata fundi akikuapia. CPVC nayo ina miiko yake: isikae juani, ijifiche nyuma ya dari, na isiguswe na mafuta, rangi na gundi asizozitaja mtengenezaji, wala na baadhi ya dawa za mchwa, kwa sababu huipasua polepole. Anayepuliza dawa ya mchwa kwenye mbao za paa apulize kabla mabomba hayajapita. Weka chujio kabla ya pampu, na valvu ya kuzuia maji yasirudi, ili yale yaliyolala bombani miezi sita yasije kwenye chai yako.

Upana wa bomba ndipo mafundi wanapobana pesa. Lita 304 kwa dakika zikipita mita 40 za bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 50 hupoteza karibu bar 0.5. Pitisha maji hayohayo kwenye milimita 32, unapoteza zaidi ya bar 4. Karibu mara tisa, kwa sababu ya kupunguza sentimita chini ya mbili. Pampu yako ya bar 3.5 imekwisha kabla maji hayajafika ngazini.

Dari

Kanuni zinahesabu moto kwa chumba, na chumba si kile kilichoandikwa kwenye ramani. Ni nafasi iliyozungukwa na kuta na dari, na pale penye uwazi, boriti au linta inashuka walau sentimita 20 chini ya dari ili izuie moshi na joto visitambae kwenda ng'ambo. Majumba ya siku hizi hayana linta ndani. Sebule inaingia kwenye chumba cha chakula, chumba cha chakula kinaingia jikoni, vyote kwa dari moja nyororo. Kwa macho ya moto hicho ni chumba kimoja, na joto likitambaa mbali linaweza kufungua vinyunyizio vitano badala ya viwili, kila kimoja kikipata maji kidogo yasiyotosha. Mwombe mchora ramani ashushe linta mbili za sentimita 20. Atakuambia zinaharibu mwonekano. Zipakwe rangi ileile ya dari, hutaziona tena baada ya wiki moja.

Sebule iliyo wazi hadi juu ndiyo inayoninyima usingizi. Vinyunyizio vya makazi hupimwa kwenye chumba chenye dari ya mita 2.4. Kule joto linafika darini mara moja. Kwenye dari ya mita 7, hewa moto inapopanda hujichanganya na hewa baridi ya njiani, inapoa, na kichupa kinachelewa kupasuka huku moto wa kochi ukiendelea kukua. Soma karatasi ya kiwanda: kila kinyunyizio kina kimo cha mwisho kilichoruhusiwa, na si vyote vinavyofika mita 7. Halafu linda kingo. Korido ya juu inayochungulia sebuleni iwe na vinyunyizio vyake chini ya dari yake, na chini ya korido hiyo hivyohivyo, kwa sababu moshi wa sebule utapanda moja kwa moja kwenye milango ya watoto. Ningekuwa mimi, ningeifunga ile korido kwa kioo. Mzee alikataa. Nyumba ni yake.

Dari za jipsamu zenye ngazi-ngazi na taa zilizofichwa ni mtihani mwingine. Kinyunyizio kinachoning'inia kinatakiwa kiwe na sahani yake kati ya milimita 25 na 100 chini ya dari iliyo juu yake. Ukikitumbukiza kwenye shimo la mapambo, kingo za shimo zinaukata mwavuli wa maji. Michoro ya jipsamu na ya vinyunyizio ichorwe kwenye karatasi moja, si kila fundi na yake. Feni ya dari ikae angalau sentimita 90 kutoka kinyunyizio, ukipima kutoka katikati ya feni. Penye mahali pa kuotea moto, kama nyumba nyingi za Limuru na Lushoto, kinyunyizio cha kichupa chekundu kisikae karibu kuliko sentimita 90. Chini ya bati lisilo na hewa, jua la mchana linaweza kukipasua bila moto wowote. Huko tumia kichupa cha kijani, cha nyuzi 93.

Wengi wanapenda vile vilivyofichwa, vyenye kifuniko bapa cha rangi ya dari. Ni vizuri, lakini kifuniko hicho kimeshikwa na risasi laini inayoyeyuka mapema, kwenye nyuzi 57, kidondoke na kukiacha kinyunyizio wazi. Niliwahi kukagua nyumba ambamo fundi rangi alipitisha rola juu ya vifuniko vyote vya sebule, mikono miwili, safi kabisa. Vilikuwa vimegandishwa darini kama vimepigwa gundi. Tulivibadilisha vyote. Vifuniko vinaagizwa na rangi yake kutoka kiwandani, havipakwi.

13D inakuruhusu kuruka bafu lisilozidi mita za mraba 5.1 na kabati la nguo lisilozidi 2.2. Msamaha huo haukuhusu. Bafu la chumba chako kikuu ni mita za mraba 14, na chumba cha nguo ni kikubwa kuliko chumba nilicholala nikiwa shule. Vyote vinapata vinyunyizio, pamoja na stoo na chumba cha dada. Chumba cha sinema kilichofunikwa sponji ukutani kipewe umakini wa pekee, sponji huwaka kwa kasi ya kutisha. Mtungi wa gesi ukae nje. Betri kubwa za sola na inveta yake nazo zikae kwenye kibanda nje, usizilaze chini ya ngazi.

Gereji

Gereji pia 13D inakuruhusu kuiruka. Mimi ruhusa hiyo naisoma kwa gereji ya gari moja au mawili pembeni ya nyumba. Magari sita chini ya vyumba vya kulala ni maegesho, na toleo la mwaka 2022 la NFPA 13, kanuni mama ya 13D na 13R, liliyapandisha maegesho daraja la hatari, kwa sababu magari ya sasa yamejaa plastiki. Kipimo chake ni kama lita 8 kwa dakika kwa kila mita ya mraba. Gereji ya mita za mraba 100 inataka lita 800 kwa dakika, na kwa nusu saa tu ni lita 24,000. Pampu tuliyoichagua haiwezi, tangi halitoshi, na bomba ni jembamba.

Nilimpa mzee njia mbili: kuzidisha kila kitu mara mbili na nusu, au kuitoa gereji chini ya watu na kuijenga kando, na uwazi wa kutosha kati yake na nyumba. Alichagua ya pili, na shimo lililokuwa limeshaanza kuchimbwa likageuka kuwa mahali pa tangi.

Mengine ni mafupi. Peleka michoro Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, au kwa zimamoto wa kaunti ukiwa Kenya, kabla ya kujenga, na uwaulize mipira yao inaunganishwa kwa kiungo cha aina gani ili uweke kimoja getini. Geti lenyewe lisiwe na paa la chini. Nimeona mageti mazuri ambayo gari la zimamoto lisingeweza kuyapita. Valvu kuu ifungwe kwa mnyororo ikiwa wazi. Kwa takwimu za Marekani, vinyunyizio vinaposhindwa kufanya kazi sababu inayoongoza ni valvu iliyofungwa na mtu.

Siku ya kukabidhiwa mfumo, usikubali kuonyeshwa taa ya kijani kwenye boksi la pampu. Mwisho kabisa wa bomba la sebule, pale chini, pawe na valvu ya majaribio na geji. Fundi afungue, pampu ijiwashe yenyewe, aibane valvu mpaka geji isimame kwenye bar 2, kisha muweke chini pipa la lita 200 na mtu ashike saa. Kwa lita 304 kwa dakika, pipa linajaa kwa sekunde 40. Mbweni mara ya kwanza lilijaa kwa sekunde 71. Tulifungua dari ya korido tukakuta mita 9 za bomba la milimita 32 ambazo hakuna aliyezichora. Zikatolewa, pipa likajaa kwa sekunde 38, na hapo ndipo mzee alipotoa malipo ya mwisho. Na wewe usiyatoe kabla ya pipa.